Cheti cha Kabidhi Wasii bado ni halali, acheni kukitupa

Maombi ya mikopo ya elimu ya juu yakikaribia, wazazi wa Mbeya, Tukuyu na Vwawa huleta kauli ile ile kuhusu cheti cha kuzaliwa cha mtoto: "Hiki ni cha zamani, cha Kabidhi Wasii. RITA hawakitambui." Jamani, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanakitambua! Desemba 2005 Idara ya Kabidhi Wasii Mkuu, iliyokuwa ikisajili vizazi na vifo, iligeuzwa kuwa wakala chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997, na Juni 2006 RITA ikazinduliwa. Madaftari ya vizazi na vifo ni yale yale, sheria ni ile ile ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Hata cheo kipo: Mtendaji Mkuu wa RITA ndiye Kabidhi Wasii Mkuu.

Kinachotakiwa ni uhakiki tu. Cheti kilichoandikwa kwa mkono mara nyingi hakimo kwenye kompyuta, kwa hiyo fungua akaunti ya eRITA, mfumo wa RITA wa mtandaoni, skani cheti halisi kwa rangi (kivuli cha kivuli hakisomeki), jaza majina herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye cheti, si kama shule ilivyoyaandika, kisha lipia. Anza mapema, maana daftari la wilayani likihitajika kufukuliwa, siku hupotea. Na tafadhali msikipige lamineti: picha inang'aa, na mhuri haukaguliki vizuri.

Njia ya mkato ndiyo inayoumiza watoto. Mtu anaficha cheti cha kwanza, anaomba kipya kana kwamba hajawahi kusajiliwa, tena kwa majina ya kidato cha nne. Sasa ana maingizo mawili yasiyofanana, na kila anayehakiki anauliza lipi ni la kweli. Jina likiwa na kosa, ombeni marekebisho kwenye ingizo lile lile.

Mkoa kugawanywa nako si sababu ya kubadili cheti. Aliyezaliwa Makete (sasa Mkoa wa Njombe) kabla ya 2012 ataandikiwa Iringa. Wa Mbozi (sasa Mkoa wa Songwe) kabla ya 2016, Mbeya. Daftari hufuata wilaya.



Tangazo la hospitali, yaani karatasi ya kizazi inayotolewa mtoto akizaliwa, nalo si cheti. Mkoani Mbeya, tangu 2013, mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti bila ada kwenye kituo cha afya au kwa mtendaji wa kata. Mpelekeni na tangazo lake.