Kivimbe Kinachohama: Mnyoo wa Mbwa Chini ya Ngozi ya Binadamu

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ambazo mwanamke wa miaka 32 nchini Urusi alijipiga kwa simu yake. Katika picha ya kwanza kivimbe kipo chini ya jicho la kushoto. Siku tano baadaye kipo juu ya jicho hilohilo, na siku kumi nyingine zilipopita kilikuwa kimefika kwenye mdomo wa juu. Mwanamke huyo alikuwa ametembelea eneo la mashambani nje ya Moscow na kuumwa mno na mbu. Madaktari walimpasua, wakamtoa mnyoo mmoja aitwaye Dirofilaria repens, naye akapona.

Mnyoo huyu ni wa mbwa. Mbu anayemnyonya mbwa mwenye maambukizi hubeba lava wachanga (watoto wa mnyoo), ambao hukua ndani ya mbu huyo endapo joto halipungui nyuzi 14 za Selsiasi, na ongezeko la joto ni miongoni mwa sababu za ugonjwa huu kuzidi kusogea kaskazini mwa Ulaya. Ndani ya binadamu mnyoo hujikuta amepotea njia: aghalabu huwa peke yake, hapati mwenza wala hazai. Kwa hiyo kupima damu, jambo ambalo ni tegemeo kubwa katika kutafuta matende (ugonjwa mwingine wa minyoo inayoenezwa na mbu), hapa mara nyingi hakuonyeshi kitu, na hata chembechembe nyeupe za damu aina ya eosinofili, ambazo mara nyingi huongezeka mtu akiwa na minyoo, huweza kuwa za kawaida.

Daktari asiyeuliza kama uvimbe umewahi kuhama hudhani ni jipu, uvimbe wa mafuta au hata saratani. Picha za simu zenye tarehe, kwa maoni yetu, zina thamani kuliko vipimo vingi vya awali. Kipimo cha altrasaundi huweza kuonyesha kitu kama uzi kikijipinda ndani ya kivimbe. Uthibitisho hupatikana mnyoo akishatolewa: ni mweupe, mwembamba, jike akiweza kufikia sentimita 17, na chini ya hadubini ngozi yake ina matuta yanayokwenda kwa urefu wa mwili.

Tiba ni upasuaji mdogo kwa ganzi. Mnyoo atolewe mzima, kwa kuwa kipande kinachobaki huendeleza uvimbe, na mgonjwa asijaribu kumkamua mwenyewe. Akishatoka, kwa kawaida hakuna haja ya dawa za minyoo.

Tahadhari moja inawahusu waliowahi kuishi katika misitu ya Kongo, Kameruni au Gaboni. Huko kuna mnyoo mwingine anayetembea chini ya ngozi na kupita kwenye jicho, Loa loa, anayeenezwa na nzi wa msituni wanaouma mchana. Lava wake huonekana katika damu iliyochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, tofauti na wale wa matende wanaotafutwa usiku. Kipimo hicho kitangulie dawa yoyote, kwani dawa ya minyoo iitwayo ivermectin ikitolewa kwa mtu mwenye lava zaidi ya 30,000 katika mililita moja ya damu huweza kudhuru ubongo na kumtia katika hali ya kupoteza fahamu.