Supu, mtori na mlo wa saa nne Moshi: yanayosemwa na ukweli wake

Kuna maneno yanazunguka sana hapa Moshi kuhusu kwenda kula nje asubuhi ile ya kuchelewa, kuanzia kama saa nne mpaka saa saba mchana hivi, na mengi yanawanyima watu chakula kizuri kilichopo mtaani kwao au yanawafanya walipe hela nyingi kwa kitu kilichopoa. Mlo huu naupenda kuliko yote ya wiki, kwa hiyo inaniuma kabisa kuona mtu anapita mlangoni kwa mama anayepika ndizi vizuri, anapanda bodaboda mpaka katikati ya mji kwenda kula mkate na mayai yaliyokaa. Ngoja tuyapitie.

La kwanza na ndo linaloniudhi zaidi, eti brunchi, yaani huu mlo wa asubuhi ya kuchelewa, ni mambo ya wazungu, watalii wanaosubiri kupanda mlima na watu wa Shanty Town, ule mtaa wa wenye nazo. Jina kweli limetoka Uingereza, kuna bwana anaitwa Guy Beringer aliandika makala mwaka 1895 akiwatetea watu wale mlo mmoja wa Jumapili uliochelewa kidogo badala ya ule mzito wa baada ya kanisa, na moja ya sababu zake ni kwamba waliokesha Jumamosi wasilazimike kuamka alfajiri. Lakini mlo wenyewe uko hapa na haujawahi kumsubiri Beringer. Angalia Jumapili ibada ya kwanza ikiisha, watu wanavyotoka na nguo zao nzuri wanakaa kwenye mabenchi ya supu, baba kashika bakuli, watoto chapati na soda, mama anauliza kama mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, umeshaiva. Angalia na huko juu Kibosho au Old Moshi, mtu anaingia kihambani, shamba lake la migomba la nyumbani, mapema na chai tupu au uji kidogo, anakata majani ya ng'ombe, anarudi saa nne hiyo ndo anakula chakula chenyewe, kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) au ndizi na nyama kama ipo. Huyo anakula brunchi miaka yote na wala hahitaji menyu ya kiingereza, sasa mtu akikwambia hiyo ni starehe ya kuiga mwambie anakosea.

Halafu mtori. Hapa kuna dhana mbili zimebebana. Moja inasema mtori ni wa mzazi na wagonjwa tu, mwanaume mzima akiagiza anaonekana ana matatizo. Ni kweli kabisa kwa Wachaga mtori ndo chakula cha mama aliyejifungua, na una heshima yake hapo, lakini hakuna mahali ulikatazwa kwa wengine, na kwa mtu ambaye hajala tangu jana jioni ni mlo mzito mzuri tu, una wanga wa ndizi, una nyama, una maji mengi na una potasiamu. Ya pili inasema mtori ndo unaoleta maziwa. Kinacholeta maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara kwa mara na titi kutoka maziwa vizuri, mwili ukiona yanatumika unatengeneza mengine. Mtori unamsaidia mama kwa kumpa nguvu, maji na chakula ambacho mtu aliyechoka anaweza kukimeza bila kazi, na hilo sio dogo. Ila mama ambaye maziwa hayatoshi akiongezewa bakuli tu bila mtu kuangalia mtoto anavyoshika titi, hajasaidiwa, aende kliniki akaonyeshwe.

Na kwa sababu watu wanadhani mtori ni chakula cha mgonjwa basi wanadhani pia ni rahisi kupika, eti ni ndizi zimevurugwa. Simama siku moja karibu na jiko la mtu anayejua. Ndizi ni mshale, sio kila ndizi, na zinamenywa mikono ikiwa imepakwa mafuta maana utomvu wake ukikauka kwenye vidole unabaki mweusi siku kadhaa. Kila moja ikimenywa inaenda kwenye maji palepale isigeuke rangi. Nyama, mara nyingi ya mbavu au ile yenye mfupa, imeshachemka peke yake mpaka imelainika, ndizi zinaingia na kitunguu kwenye supu hiyohiyo, zikiiva nyama inatolewa pembeni, ndizi zinapondwa kwa mwiko mpaka zinakuwa laini, supu inarudishwa kidogokidogo mpaka uzito unakubali, ndo nyama inarudi. Mwiko ukinyanyuliwa mtori unatakiwa udondoke taratibu kwa uzito, sio kutiririka. Ukiletewa unaotiririka na ni saa saba, ujue umeongezwa maji moto mara mbili tatu kwa ajili ya wateja waliozidi, na hii ndo sababu nawaambia watu wafike mapema, kabla ya saa tano kama wanaweza.

Tukija kwenye supu yenyewe huko imani ni nyingi. Supu ya kongoro inarudisha ute wa magoti, hii utaisikia kila kijiwe, na wazee wanaiamini kweli. Ule mnato kwenye kongoro ni kolajeni iliyoyeyuka, ni kweli na kwenye magoti yetu kolajeni ipo, lakini ukiila tumbo linaivunjavunja vipande vidogo kama protini nyingine yoyote na mwili unavitumia unapoona panafaa, haitoki kwenye bakuli ikaenda kukaa gotini. Kula kongoro kwa sababu ni tamu na ina protini. Goti linalouma miezi likaonwe hospitali, Mawenzi au KCMC.

Ndimu inakata mafuta. Inakata ladha ya mafuta mdomoni, ndo maana supu nzito inapendeza ukikamulia, ila mafuta yenyewe yanabaki vilevile yalivyo na yanaingia mwilini vilevile. Kama daktari kakwambia upunguze mafuta, omba mama akuengulie yale ya juu kabla hajakumwagia, hakuna anayekasirika kwa hilo. Ndimu ina faida nyingine ambayo watu hawaisemi, vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyopo kwenye maharage na mboga za majani, kwa hiyo kamulia kwenye kiburu chako, sio supu peke yake. Chai inafanya kinyume chake, ukinywa chai ya rangi nzito pamoja na chakula hayo madini yanachukuliwa kidogo, na kwa dada zetu wenye upungufu wa damu au wajawazito ni bora chai isogee saa moja mbele au nyuma ya mlo.

Na ile ya supu kutoa pombe, hapana. Pombe inashughulikiwa na ini na ini lina mwendo wake, chupa ya bia ya nusu lita inaweza kulichukua kama saa mbili hivi, iwe umekunywa supu, kahawa au umeoga maji ya baridi. Supu inarudisha maji na chumvi, tumbo linatulia, kichwa kinapungua kuuma, unajiona mzima. Hapo ndo hatari ilipo, mtu kamaliza mbege na bia usiku wa manane, saa nne anakunywa supu anajisikia yuko sawa anawasha gari kuelekea Marangu na watoto nyuma. Pumzika kwanza, au mwachie mwingine ufunguo.

Pilipili nayo inasingiziwa sana. Mtu anasukuma kile kikopo cha pilipili mbali kabisa, anakwambia hataki vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo vingi vinatokana na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, waliomgundua ni madaktari wa Australia Barry Marshall na Robin Warren, mwaka 1982 walifanikiwa kumkuza maabara, na dunia ilichelewa sana kuwakubali mpaka Marshall akamnywa bakteria mwenyewe akaugua tumbo kuonyesha kwamba anachosema ni kweli, mwaka 2005 wakapewa Nobeli. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zinazonywewa ovyo, na hizi ndo mtu anameza asubuhi tumbo likiwa tupu halafu anaogopa pilipili. Kama tayari una kidonda au asidi inakusumbua pilipili inaweza kukuchoma, acha, hiyo ni sawa kabisa. Ila kukaa na maumivu miaka ukidhani dawa ni kuacha pilipili na maharage wakati kuna kipimo na kuna dawa za kumuua huyo bakteria, hapo unajiumiza bure.

Sasa hili la usafi naomba tukae kidogo. Wengi wanaamini pakiwa na kitambaa mezani na bafe yenye vyombo vinavyong'aa basi chakula ni salama, na kwa mama ntilie ni kubahatisha. Kinachokupa usalama ni moto na muda. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzijoto 60, kikipashwa kipashwe mpaka kichemke kabisa. Kuna bakteria ambao mbegu zao zinavumilia kuchemka, nyama na mchuzi vikikaa vuguvugu zinaamka na kuzaliana, na wali uliolala nje una wa kwake. Kwa hiyo bafe ambayo ule moto wa chini umezimika tangu saa mbili asubuhi ni hatari kuliko sufuria la supu linalotokota mbele ya macho yako pale soko la Mbuyuni. Na kipimo unacho mezani bila kifaa chochote, mafuta ya ng'ombe yanaanza kuganda kwenye nyuzijoto kama 40 hivi, ukiona yamekuwa meupe pembeni ya bakuli muda huohuo unaletewa, au yanakunatia kwenye midomo, hiyo supu imeshuka chini sana ya 60 na imeshuka muda. Rudisha. Sema kwa upole, "mama naomba unipashie ichemke", atakupashia.

Simaanishi kila mama ntilie ni msafi, wapo wanaoosha vyombo kwenye ndoo moja kutwa nzima na hao nawapita. Naangalia maji ya kunawa kama yanatiririka na sabuni ipo, naangalia anayeshika hela kama ndo huyohuyo anayeshika chapati, basi. Ukubwa wa jengo hauniambii kitu.

Kahawa niseme kwa kifupi. Watu wanasema kahawa nzuri ya Kilimanjaro huwezi kuinywa Moshi, yote inaenda nje. Sehemu kubwa sana ni kweli inauzwa nje, na inauma kukaa mji huu ambao KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933 ukaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga wa kuyeyusha. Ila iliyokaangwa hapahapa ipo, migahawa inayoisaga ipo, maduka yanaiuza kwa pakiti. Waulize mgahawa wa mtaani kwenu, na kama hawana waambie unaitaka, wateja watano wakiuliza wiki moja mwenye mgahawa atanunua. Tukinyamaza wataendelea kutuletea kopo.

La mwisho ni hili la chakula cha faraja, kwamba ukiwa na mawazo kuna chakula fulani kitakutuliza, kwa hiyo watu wanajaza zege (chipsi mayai) na soda wakiwa na stresi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani walilipima, matokeo yakatoka mwaka 2014, watu walionyeshwa filamu za kuhuzunisha halafu wengine wakapewa chakula wanachokiona cha faraja, wengine chakula kingine, wengine hawakupewa kitu. Hali zao zilirudi vilevile wote. Yaani muda ulipita na huzuni ikapungua, chipsi zikachukua sifa. Lakini utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2011 ulikuta kwamba kwa mtu anayeihesabu supu ya kuku kama chakula chake cha faraja, kuinywa kunamletea mawazo ya watu wake wa karibu, na hii mi naikubali moja kwa moja. Mtori unakukumbusha bibi, makande yanamkumbusha Mpare kwao Same, na jirani zetu wa Arusha ukimpa Mmeru loshoro yenye maziwa mgando yaliyokolea utaona uso unavyofunguka.

Kwa hiyo ukiwa na rafiki aliyefiwa au aliyeachishwa kazi unataka kumtoa Jumamosi, usimchagulie sehemu kwa picha za mtandaoni. Muulize kwao walikuwa wanakula nini asubuhi za sikukuu, mtafutie mgahawa unaokipika, na kama ni mtori au kiburu piga simu Jumamosi hiyo mapema uwaulize kinaiva saa ngapi, waambie wawatolee bakuli mbili kabla hawajaongeza maji.