Usizisingizie kuta: waifai inayokatikakatika kwenye Linux

Mwalimu alinikuta Langoni, hapa mjini Lamu, baada ya alasiri, laptopu kaitia kikapuni na kuifunika leso, ungedhani kabeba mikate ya mofa. Hata sijamaliza kumwamkia, akaanza: "Mwanangu, dude hili yeo lapata, kesho lakata. Na siyui nimekosa nini." Yeye hufundisha Kiswahili kwa wageni walioko Ulaya kwa njia ya video, na wiki ile alikuwa amekatika mara tatu katika somo moja. Hukumu alishaitoa zamani. "Ni kuta zetu hizi. Nusu mita ya matumbawe na chokaa, mtandao utapita wapi?"

Mtaa mzima wa Mkomani una hukumu hiyo, na si ya uongo. Nyumba ya mawe humeza mawimbi kwelikweli, hasa ya gigahezi 5, ambayo hupenya vibaya kuliko yale ya 2.4. Lakini mimi nimeona kuta zikibebeshwa makosa mengi yasiyo yao, na mara nyingi mkosa ni draiva.

Neno lenyewe kwanza. Wenye kamusi husema kiendeshi, mafundi tunasema draiva. Katika mji huu ambao usafiri ni punda na mashua, mimi humwelezea mteja kuwa ni nahodha: ni programu ndogo ndani ya keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, iliyosomea chombo kimoja tu, yaani chipu ya waifai iliyomo kwenye laptopu yako. Chini yake kuna baharia anayeitwa famwea, programu ya chipu yenyewe. Draiva hukaa kwenye kompyuta, famwea humiminwa ndani ya chipu yenyewe kila mashine inapowaka. Mmoja akikosekana, au wawili hao wasipoelewana, chombo hakiondoki gatini. Au huondoka kikarudi, kikaondoka kikarudi, na hilo ndilo linalochosha zaidi.

Basi nikaiweka laptopu ya mwalimu juu ya meza yangu, hatua mbili kutoka kwenye ruta (kile kisanduku kinachorusha waifai), hakuna ukuta wala pazia katikati. Jambo la kwanza ninalofanya daima ni kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuiita ruta, siyo kuuita mtandao wa dunia:

ping 192.168.1.1

(Namba ya ruta yako huenda ikawa nyingine, amri ya `ip route` itakuonyesha, tazama mstari unaoanza na default.) Watu wengi hupima kwa kufungua ukurasa fulani, ukikwama wanasema waifai mbovu. Kumbe waifai ni nzima, iliyokatika ni laini ya kampuni inayowaletea intaneti. Ukiita ruta na ikakujibu kwa milisekunde mbili tatu bila kukosa, acha laptopu yako kwa amani, piga simu kwa kampuni.

Ya mwalimu haikuwa hivyo. Jibu la kwanza lilikuja kwa milisekunde 4, la pili 310, la tatu zaidi ya 900, la nne halikuja kabisa. Nikatazama nguvu ya mawimbi:

iw dev wlp2s0 link

Hilo `wlp2s0` ni jina la kadi ya waifai kwenye mashine yake. Lako utalipata kwa `iw dev`. Ikasoma -41 dBm. Namba hizi ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwangu mimi, -41 ni kama mtu anayekusemesha sikioni, -67 bado mnasikizana vizuri, na ikifika -80 mnapigiana kelele kutoka gati la Lamu hadi Manda. Kwa hiyo mtu yuko sikioni pake na bado hasikii. Nikamgeukia, nikamwambia, "Mwalimu, kuta zimeachiwa huru." Hakucheka.

Hatua inayofuata ndiyo vijana wengi huiruka. Wanakwenda moja kwa moja kutafuta amri kwenye mtandao na kuzibandika, kumi kwa mpigo. Ikipona hawajui ni ipi iliyoponya, na ikizidi kuharibika hawajui waondoe ipi. Kwanza mjue unayeshughulika naye:

lspci -nnk

Tafuta mstari wa Network controller. Hapo utaona jina la chipu, namba zake ndani ya mabano ya mraba, na chini yake `Kernel driver in use`, yaani draiva inayoishika hivi sasa. Kama mstari huo wa mwisho haupo, chipu haina nahodha kabisa na hiyo ni habari nyingine. Namba za kwenye mabano ndizo za kuaminika. Laptopu mbili za modeli moja, rangi moja, zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti ndani, na dawa ya moja haifai kwa nyingine.

Halafu soma keneli inasemaje. Mimi huacha dirisha moja wazi na `sudo dmesg -w` (sudo ni kuamuru kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine) likiwa linatiririka, nikangoja mtandao ukatike mbele ya macho yangu. Ujumbe wa wakati ule ule una thamani kuliko saa nzima ya kukisia. Ukiona `by local choice`, laptopu yenyewe ndiyo iliyoamua kuaga. Ukiona `deauthenticated from` pamoja na namba ya sababu, ruta ndiyo iliyokufukuza, basi ukaikague ruta. `Connection to AP lost` ina maana laptopu ilingoja mwito wa ruta, haikuusikia, ikakata tamaa.

Na kuna ujumbe mmoja unaowatisha watu bure: `Direct firmware load for` jina fulani `failed with error -2`. Hiyo -2 maana yake faili halipo, basi. Draiva ya iwlwifi, ile ya kadi za Intel, huanza kuulizia toleo jipya kabisa la famwea, ikilikosa huteremka kwenye toleo la chini yake, na lingine, mpaka ipate. Kwa hiyo unaweza kuona mistari minne mitano ya -2 na mashine ikawa haina neno. Soma mpaka mwisho. Ukikuta `loaded firmware version`, imeshapata baharia wake. Ikimaliza orodha bila kupata, hapo ndipo usakinishe kifurushi cha famwea. Kwenye Ubuntu huitwa `linux-firmware`. Wa Debian wanakumbuka usumbufu wa zamani, kisakinishi kilipokuwa kikija bila famwea zisizo huria; tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimo ndani ya kisakinishi chenyewe.

Kwa mwalimu famwea ilikuwepo, draiva ilikuwepo, na keneli haikulalamika sana. Ndipo nikauliza swali ambalo pengine ningeanza nalo:

iw dev wlp2s0 get power_save

Ikajibu: on.

Hapa nieleze kidogo, maana hili ndilo linaloletwa kwangu kuliko yote. Ruta hutoa mwito takriban mara kumi kwa sekunde, ikijitangaza na kusema nani ana mzigo unaomngoja. Kadi ya waifai, ili kuokoa betri, husinzia katikati ya miito na kuamka mwito unapokaribia. Ni kama mzee aliyejilaza barazani anayengoja muuza kahawa: hana haja ya kukesha, vikombe vikigongwa ataamka. Mpango mzuri, mradi mzee aamke kwa wakati. Baadhi ya draiva hulala fofofo. Vikombe vinagongwa, muuzaji anapita, anakwenda mtaa wa pili, na mzee ndiyo kwanza anafumbua macho. Mtumiaji anaona milisekunde 900, au anaona kimya.

sudo iw dev wlp2s0 set power_save off

Ping ikatulia pale pale: 3, 2, 3, 4. Nikaiacha dakika ishirini nikiwa nashughulika na printa ya mtu, haikukosa hata jibu moja. Mwalimu akasema, "Ni hilo tu?" Ni hilo tu, lakini amri hiyo hufutika mashine ikizimwa. Ili idumu, kwenye mashine zinazotumia NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, tengeneza faili `/etc/NetworkManager/conf.d/zz-waifai.conf` uandike:

[connection]
wifi.powersave = 2

Mbili ni kuzima, tatu ni kuwasha. Mimi huanza jina la faili kwa zz kwa sababu mafaili hayo husomwa kwa mpangilio wa alfabeti na la mwisho ndilo linaloshinda. Ubuntu ina faili lake pale lenye 3, na usipokuja nyuma yake unatwanga maji. Kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Betri utapoteza kidogo. Sijaona mteja akilalamika.

Kama bado inakatika baada ya hapo, basi tunaingia kwenye tabia za chipu moja moja, na huko sipendi kutoa amri za jumla. `modinfo -p` ukifuatisha na jina la draiva yako itakupa orodha ya parameta, yaani mipangilio, inazozikubali, na kisicho kwenye orodha hiyo usikiandike hata kama mtu kaapa kimemponya. Nitatoa mfano mmoja tu. Draiva ya rtl8723be ina parameta ya `ant_sel`. Kadi za namna hiyo zinaweza kuwa na tundu mbili za antena, na laptopu ikawa na waya mmoja tu. Draiva ikisikiliza upande usio na waya, utakaa ubavuni mwa ruta na usome -75. Jaribu:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Isipobadilika, rudia na 1. Ikikubali, iandike kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/` kwa mstari `options rtl8723be ant_sel=2`. Huo ndio ugonjwa unaofanana na ukuta kuliko wote, na ndiyo maana nasisitiza kupima ukiwa karibu na ruta kwanza.

Kuna na laptopu za mitumba kutoka nje ambazo haziuoni kabisa mtandao ambao simu inauona. Tazama `iw reg get`, itakuonyesha laptopu inadhani iko nchi gani. Ruta ikiwa kwenye chaneli ya 12 au 13 na laptopu inadhani bado iko Marekani, haitaigusa. `sudo iw reg set KE` huenda ikasaidia, ingawa rahisi zaidi ni kuipeleka ruta kwenye 1, 6 au 11.

Sasa kosa langu mwenyewe, nisije nikajifanya hodari. Kuna chipu ambazo draiva zake hazimo kwenye keneli, lazima uzijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Kijana mmoja wa Kizingitini aliniletea mashine ya aina hiyo, nikaijenga kwa `make` na `sudo make install`, ikashika, akanilipa, akaenda zake. Siku chache baadaye keneli ikajisasisha yenyewe. Draiva ya kujengwa hivyo hufungamana na keneli ile ile iliyojengewa. Keneli mpya haiijui. Waifai ikatoweka. Kijana akafunga safari tena, na anayejua boti za upande ule anajua kungoja maji yajae ndipo wapite mlango wa bahari wa Mkanda. Siku nzima imepotea kwa sababu ya mstari mmoja nilioona uvivu kuuandika.

Dawa yake ni DKMS, ambayo huijenga upya draiva kila keneli mpya inapoingia. Inahitaji vifurushi vya headers (mafaili ya kujengea draiva) vya keneli hizo viwepo, na `dkms status` itakuambia kama kazi imefanyika. Mashine ikiwa na Secure Boot, kinga inayokataa kilichokosa sahihi, ukakuta `Key was rejected by service`, draiva imejengwa sawa ila haina sahihi inayotambulika. Iandikishe ufunguo wako kwa `mokutil`, au zima Secure Boot kwenye BIOS kama ni mashine yako mwenyewe. Na ukikwama usiku, washa upya, ingia Advanced options kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowaka, uchague keneli ya jana. Hiyo ningemfundisha yule kijana kwa simu angebaki kwao. Ningemwambia pia achomeke simu yake kwa waya wa USB na kuwasha kugawa intaneti kwa USB: Linux huiona simu kama kadi ya waya, haihitaji waifai, na kwa njia hiyo angepakua alichokikosa.

Vile vidude vya USB vya waifai vinavyouzwa madukani, msinunue kwa kutazama kasha. Kasha moja, chipu tatu tofauti. Muombe mwenye duka akuruhusu ukichomeke, upige `lsusb`, usome namba. Kilicho na chipu ya MT7601U kinaeleweka na keneli tangu toleo la 4.2, mwaka 2015. Za Atheros zinazotumia ath9k_htc nazo hazinipi taabu. Na huku kwetu pwani kagua meno ya USB: hewa ya chumvi huyafanyia ukoga wa kijani, na mara mbili tatu "draiva mbovu" nimeiponya kwa pamba na spiriti.

Mwalimu akarudi baada ya siku nne. Mtandao haukatiki tena, akasema, isipokuwa akiwa ndani. Ndani kwa maana ya kwetu, chumba cha mwisho kabisa, chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Nikamfuata hadi kwake. Ruta ilikuwa imetundikwa tekani, pale pa kuingilia nyumba, na mpaka ufike ndani unavuka kiwanda, yaani ua wa katikati, na misana yote miwili, zile kumbi ndefu. Nikapiga `iw dev wlp2s0 link`: -83.

"Haya," akaniambia, mikono kiunoni, "kuta zimeachiwa huru?"

Tukavuta waya mita kumi na mbili, tukaihamishia ruta msana wa yuu, ule unaopakana na ndani, ikitazama mlango wake. Ikasoma -61, na akanipa kahawa.