"Inexorable": neno la asiyeombeka

Hapa Goma, ambako Kifaransa ndicho cha shuleni, neno la Kiingereza "inexorable" halimtishi mtu. Kwa Kifaransa linaandikwa vilevile, herufi kwa herufi, ndiyo maana tunalikosea kwa kujiamini.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba maana yake ni "isiyoepukika". La. Hiyo ni "inevitable", kutoka Kilatini evitare, kukwepa. "Inexorable" ina asili nyingine. Orare ni kusihi, kuomba kwa maneno. Exorare ni kuomba hadi uliyemwomba akubali. Kiishio -abilis kinafanya kazi ya -ek- yetu, ile ya kuomba, kuombeka. Tanguliza in- ya kukanusha, umepata asiyeombeka. Mwanafunzi wangu akisema "haombeki", huyo amefika Roma bila kamusi, na hunifurahisha kila mwaka. Mshairi Virgil aliliambatanisha neno hili na majaliwa: inexorabile fatum, majaliwa yasiyosikia kilio. Waingereza walilichukua katikati ya karne ya 16.

Wengine hulihusisha na "exorciser", kufukuza pepo. Ni sauti tu zinazofanana. Hilo limetoka kwenye Kigiriki, horkos, kiapo.

Kuna pia wanaodhani lazima pawe na ukali au kasi. Asiyetulizika hasira ni "implacable", kutoka placare, kutuliza. "Relentless" ndani yake ina lentus, chenye kunyumbulika, kwa hiyo ni asiyelegea. Kisichoombeka hakihitaji hasira wala mbio. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu hadi Ziwa Kivu. Mitaani ilitambaa, mtu akaweza kuitangulia kwa miguu, godoro kichwani. Muda wa kuomba ulikuwepo. Shangazi yangu alipiga magoti mlangoni kwake, akasali, akainuka, akarudi nyuma hatua chache, akapiga magoti tena. Alifanya hivyo hadi barabarani. Lava haikumkasirikia wala haikumkimbiza. Ilipita palipokuwa na nyumba, ikaendelea kuelekea ziwani.

Ilipopoa tuliivunja kwa nyundo, vipande tukajengea ukuta wa uani. Nikifundisha neno hili, huwa naenda darasani na kimoja cha vipande hivyo, cheusi, chenye matundu, nakipitisha mkono kwa mkono.