RAM Tupu Si Sifa ya Simu

Juzi kijana mmoja anayesomea kompyuta chuoni alikuwa akinisubiri nimalize mazungumzo, na muda wote huo kidole gumba chake hakikutulia. Alifungua orodha ya programu alizotumia karibuni, akaifagia WhatsApp, akaifagia ramani, akaifagia kamera, akakifagia hata kikokotoo, kisha akagusa programu ya kusafisha simu, ambayo ilizungusha duara la kijani na kumpongeza kwa kuachia nafasi kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hukaa zikitumika. Nilipomuuliza alichokuwa akikifanya, alinijibu kwa fahari: "Mkuu, naipa simu pumzi." Kabla hajairudisha mfukoni alikuwa amekwisha kuifungua WhatsApp upya, kwa kuwa kuna aliyemwandikia.

Angekuwa mtu asiyehusika na fani yetu ningenyamaza. Tatizo ni kwamba imani hii haienezwi na wasioijua kompyuta, bali na sisi wenyewe: vijana wa IT, mafundi simu, watu wanaobadilisha mfumo endeshi wa simu zao kwa raha tu na kurushiana picha za skrini kuonyesha nani amebakiwa na RAM nyingi zaidi. Mtu anaweza kubishana nawe hadi usiku wa manane kuhusu matoleo ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, halafu akakuambia bila aibu kwamba simu nzuri ni ile ambayo nusu ya RAM yake haifanyi kazi yoyote. Nimechoka kulisikia jambo hili, na leo nalimaliza.

RAM uliyoinunua imekwisha kulipiwa. Ikikaa tupu, haikurudishii hata senti moja. Ndiyo maana kerneli ya Linux, ambayo ndiyo msingi wa Android, huijaza kwa makusudi: kila faili linalosomwa kutoka kwenye hifadhi hubakizwa katika kashe, yaani akiba ya nakala ndani ya RAM, ili likihitajika tena lisitafutwe upya mahali penye mwendo wa polepole. Mwenye kutaka kuliona jambo hili kwa macho yake afungue kompyuta yenye Linux, aandike free -h, amri inayoonyesha RAM inavyotumika, kisha asome faili la gigabaiti moja mara mbili mfululizo. Ataona safu ya free imepungua kwa takriban gigabaiti moja, safu ya buff/cache, inayohesabu kashe, imeongezeka kwa kiasi kilekile, na usomaji wa pili umekwisha haraka kuliko wa kwanza kwa tofauti ambayo haihitaji saa ya kupimia. Kisha aanzishe programu inayodai kumbukumbu nyingi: kerneli itaiachia nafasi ile papo hapo bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa nakala ya faili ingalipo kwenye hifadhi na hakuna kinachopotea. Mama lishe hamwagi mchuzi kila mteja anapoondoka ili sufuria ionekane safi, kisha aanze kukata vitunguu upya mteja mwingine anapoketi.

Watu wengi wa kompyuta hukosea hapa kwa sababu husoma safu isiyo sahihi. Safu ya free huhesabu kumbukumbu ambayo haina chochote ndani yake, na kwenye mashine yenye afya iliyowashwa muda mrefu ni kawaida kabisa namba hiyo kuwa ndogo. Safu inayostahili kutazamwa ni available, ambayo ni makadirio ya kerneli yenyewe ya kiasi kinachoweza kutolewa kwa programu mpya bila kuanza kuhamishia vitu kwenye diski. Makadirio hayo yaliingizwa katika kerneli ya 3.14 mwaka 2014, kwa hiyo kisingizio kwamba hakuna namba ya kuaminika kimekwisha muda wake zamani. Windows nayo ilipata lawama hizihizi mwaka 2007, Vista ilipotoka ikiwa na SuperFetch, huduma iliyojaza RAM mapema kwa programu ambazo mtumiaji huzifungua mara kwa mara. Vista ilikuwa na makosa mengi ya kweli, lakini hilo halikuwa mojawapo.

Turudi kwenye simu, kwa sababu ndiko ugonjwa ulikokithiri. Ile orodha ambayo watu huifagia si orodha ya programu zinazofanya kazi. Ni rekodi ya mahali ulipopita, ikiwa na picha za skrini za mwisho ili uweze kurudi haraka. Ushahidi ni rahisi sana: zima simu kabisa, iwashe, kisha ifungue orodha hiyo kabla hujagusa kitu kingine. Kwenye Android nyingi, na kwenye iPhone pia, utazikuta programu zilezile zimejipanga, ingawa simu ilikuwa imezimwa na RAM ilipoteza kila kilichokuwamo. Huwezi kusema kwamba zilikuwa zikila chaji simu ikiwa imezimwa. Nimewaonyesha watu jambo hili ana kwa ana, wakashangaa, wakakubali, na jioni nikawakuta wanafagia tena. Mwaka 2016 mteja mmoja wa Apple alimwandikia barua pepe mkuu wa kampuni akiuliza kama kufunga programu kunasaidia betri, na aliyejibu alikuwa Craig Federighi, msimamizi wa programu wa kampuni hiyo, ambaye alisema hapana. Siku hizohizo Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android pale Google, alisema vivyo hivyo kuhusu mfumo wake. Ni mahasimu wa kibiashara, na jibu lao lilikuwa moja.

Nani basi huamua programu ipi iondoke RAM inapobana? Android imekuwa na mtunzaji wake tangu mwanzo. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na RAM ya megabaiti 192 tu, na mfumo usiojua kuchagua cha kuondoa usingedumu hata siku moja ndani yake. Kila programu hupewa daraja: inayoonekana kwenye skrini hulindwa kuliko zote, inayopiga muziki hufuata, na zile zilizosinzia baada ya kuachwa huwekwa mwisho, tayari kuondolewa kwanza. Programu iliyosinzia kwa kawaida haitumii prosesa. Imekaa tu kwenye kumbukumbu ikikusubiri. Ukiifukuza kisha ukaiita tena baada ya dakika tano, ni lazima mfumo uanzishe mchakato mpya, usome msimbo kutoka kwenye hifadhi, uijenge skrini upya na mara nyingi uombe data mpya kwenye mtandao. Hapo chaji inaliwa kweli, na bando nalo haliponi.

Wengine hukimbilia hoja ya umeme, kwamba RAM iliyojaa hula chaji zaidi. DRAM, aina ya RAM iliyomo kwenye simu na kompyuta, ambayo Robert Dennard wa IBM alipata hataza yake mwaka 1968, huhifadhi kila biti kama chaji ndogo ndani ya kapasita, kijisehemu kinachotunza umeme, na kwa kuwa chaji hiyo huvuja, ni lazima ihuishwe tena na tena, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Kazi hiyo hufanyika biti ziwe na maana kwako au zisiwe nayo. Nikiri jambo ambalo wenzangu hupenda kuliruka: RAM za simu zina uwezo wa kuacha kuhuisha sehemu zisizotumika wakati simu imelala, kwa hiyo mtu mbishi anaweza kusema kwamba utupu unaokoa kitu. Ni kweli kwa nadharia. Lakini akiba hiyo ni ndogo mno mbele ya kile kinacholiwa na skrini na kifaa cha kunasa mtandao, na huliwa yote mara tu programu ulizozifukuza zinapoanza kufunguliwa upya.

Sasa nije kwenye zile programu za kusafisha, ambazo ndizo hasa zinazonipandisha hasira. Katika siku za mwanzo za Android ziliweza kweli kuzima programu nyingine, na matokeo yake yalikuwa vurugu: saa ya kuamsha haikulia, ujumbe haukufika, na huduma zilizouawa zilianzishwa upya na mfumo ili ziuawe tena. Mwaka 2010, kwa toleo la 2.2, Google ilizipunguzia makali, zikabaki na uwezo wa kuua michakato ya nyuma peke yake, yaani ya programu zisizo kwenye skrini. Mwaka 2023, kwa Android 14, mlango ukafungwa: programu ya kawaida inayotumia amri ya kuua michakato ya nyuma haiwezi kuua mchakato wowote isipokuwa wa kwake yenyewe. Maana yake ni kwamba kwenye simu mpya, duara la kijani linazunguka, asilimia zinapanda, pongezi zinatolewa, na kilichofanyika ni matangazo ya biashara kupita machoni pako. Baadhi ya programu hizo, zikitaka kukwepa kizuizi hicho, humwomba mtumiaji ruhusa ya huduma za usaidizi kwa watu wenye ulemavu, ili ziweze kubonyeza vitufe kwa niaba yake. Ruhusa hiyo inaiwezesha programu kusoma kila kinachoonekana kwenye skrini, pamoja na salio lako la pesa za simu. Tafadhali, usiitoe kwa kitu kinachodai kufagia.

Biashara hii ina historia ndefu kuliko simu za Android zenyewe. Mwaka 1995, Windows 95 ilipoingia sokoni na RAM ikiwa bado ghali, kampuni ya Marekani iliyoitwa Syncronys iliuza SoftRAM95, programu iliyoahidi kuongeza kumbukumbu ya kompyuta maradufu bila kununua kifaa chochote. Iliuza mamia ya maelfu ya nakala. Wataalamu walipoifungua na kuichunguza waligundua kwamba kwenye Windows 95 haikuwa ikikandamiza data yoyote kwenye kumbukumbu, yaani kuibana ichukue nafasi ndogo, ilhali ukandamizaji ndio uliokuwa ahadi yake yote. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua kampuni hiyo mwaka 1996, na miaka miwili baadaye ikafilisika. Jambo linalonifurahisha ni kwamba wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Mac zilianza kukandamiza kumbukumbu mwaka 2013, na Linux ina zram, inayofanya ukandamizaji huohuo, ambayo leo inafanya kazi kimyakimya kwenye simu nyingi za Android. Kilichouzwa kwa uongo miaka ile sasa kinapatikana bure, na hakuna anayekipigia makofi, kwa sababu hakina duara la kijani.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe nasitasita. Niliyoyaeleza ni sahihi pale mtunzaji wa kumbukumbu anapokuwa na nafasi ya kufanya uchaguzi mzuri. Kwenye simu yenye RAM ya gigabaiti 2, yenye hifadhi ya polepole na programu za kisasa zilizoandikwa na watu wanaotumia simu ghali, mtunzaji huyo huwa hana uchaguzi mzuri. Prosesa hutumia muda mwingi kukandamiza na kufumua, simu huganda, na mtu akizima kila kitu au akiiwasha upya huona nafuu ambayo siwezi kumwambia kwamba ni ndoto. Aidha, watengenezaji kadhaa wa simu wameongeza wauaji wao wakali wa programu juu ya mtunzaji wa Android, na kwenye simu hizo kufagia programu huwa sawa na kuizima kwa nguvu, kiasi kwamba ujumbe hauingii hadi uifungue tena. Kwa hiyo mtu akinilalamikia kuwa arifa hazifiki, swali langu la kwanza ni kama ana mazoea ya kufagia. Na programu iliyoganda, au ile inayoendelea kufuatilia mahali ulipo baada ya safari kwisha, izime bila kusita, hiyo moja peke yake. Ninachokipinga ni kuzifagia zote kwa mazoea, zile nzima pamoja na zile mbovu.

Imani hii ya namba imezaa mtoto mbaya zaidi, nami naiona kila nikipita kwenye maduka ya simu ya Kariakoo. Boksi limeandikwa RAM 8GB kwa herufi kubwa, na pembeni, kwa herufi ndogo, 4+4. Nne za kwanza ni RAM. Nne za pili ni kipande cha hifadhi kilichotengwa ili mfumo uhamishie humo kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zisizotumika sana. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Hifadhi ya simu huhitaji makumi ya mikrosekunde na zaidi, yaani mamia ya mara zaidi, na kila inapoandikwa huchakaa kidogo. Kipande hicho kinaweza kusaidia programu iliyosinzia isiondolewe kabisa, hilo silikatai, lakini kukijumlisha na RAM halisi na kuandika jumla hiyo kwenye boksi ni kumdanganya mnunuzi. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji afungue mipangilio, azime chaguo la kuongeza RAM, aiwashe simu upya mbele yako, kisha akuonyeshe namba iliyobaki. Hiyo ndiyo RAM unayoilipia, na bei ijadiliwe kuanzia hapo.