Baiokemia si kukariri mishale: dhana potofu za wanafunzi wa Mtwara

Muhula ukianza katika vyuo vya afya huku Mtwara, baiokemia inakuwa imeshachafuliwa jina kabla ya kipindi cha kwanza. Waliowahi kula sapu (kurudia mtihani) wanawaambia wageni, "Hapo ni kukariri tu, usiulize kwa nini." Wanasema kwa nia njema, na ushauri huohuo ndio unaowaangusha wengi. Nakaa na wanafunzi wa utabibu, na jioni na wale wa kidato cha sita wanaosoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na dhana zinazojirudia ni zilezile. Nitaziandika kama wanavyozisema. Pale jiko la kusini linapokuwa na mfano bora kuliko wa kitabuni, nitaanza na jiko.

"Baiokemia ni kukariri"

Vya kukariri vipo, tusidanganyane. Amino asidi 20, zile zinazojenga protini, hazitajileta zenyewe kichwani. Lakini anayejua majina yote 20 bila kujua ipi ina chaji na ipi inakimbia maji amebeba orodha ya majina tu.

Chukua selimundu. Kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, nafasi ya 6, asidi ya glutamiki imebadilishwa na valini. Ya kwanza ina chaji hasi na inapatana na maji, ya pili haipatani nayo. Himoglobini ikishaachia oksijeni, zile sehemu zinazokimbia maji zinatafutana na kunatana, zinajipanga kuwa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu ya damu inapinda. Mwaka 1949 mkemia wa Marekani Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa inatembea tofauti na ya kawaida kwenye umeme. Kwa nini? Kwa sababu chaji yake imebadilika. Aliyekariri ataandika "glutamiki kuwa valini" na kunyamaza. Aliyeelewa chaji ataeleza ugonjwa mzima kuanzia hapo.

Mzunguko wa Krebs, ule unaomalizia kuvunja chakula ndani ya seli, nao uko hivyo hivyo. Kabla ya kunakili mishale ukutani hosteli, hesabu kaboni: asetili yenye 2 inaungana na oksaloasetati yenye 4, inapatikana sitrati yenye 6, kisha 2 zinatoka kama kaboni dioksidi na unarudi kwenye 4. Halafu uliza katika kila hatua elektroni zimechukuliwa na nani. Ukifanya hivyo mara mbili tatu kwenye karatasi tupu, majina yanaanza kushika yenyewe.

"Moto ndio unaoondoa sumu ya muhogo"

Hii naipenda kuliko zote, maana ndani yake kuna nusu ya silabasi.

Muhogo mchungu haukai na sayanidi huru ikisubiri kutolewa. Unakaa na linamarini, ambayo ni glukosi iliyofungwa pamoja na kipande kinachobeba sayanidi. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) cha kuivunja, linamarasi, kipo kwenye mmea huohuo, ila kinatunzwa kwenye kuta za seli wakati linamarini iko ndani ya kivungu cha seli (vakuoli). Seli ikiwa nzima, hivi viwili havikutani. Panya akitafuna, au mtu akitwanga, vinakutana: glukosi inaachiliwa, kinachobaki kinavunjika kuwa asetoni na sayanidi ya hidrojeni. Hii ya mwisho huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo kwa joto la Mtwara inatoroka hewani bila kusubiri jiko.

Sasa mtu akitumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu kwenye maji yanayochemka, nini kinatokea? Moto unaharibu kimeng'enya mapema, na linamarini yenyewe inauvumilia. Kiasi kinatoka na maji, lakini kingi kinaweza kubaki. Kwa maneno mengine, umemuua fundi ukaiacha kazi.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona bibi hutwanga kisamvu mpaka kinakuwa uji ndipo anakipika?" Bibi yuko sahihi kabisa. Kinu kinapasua seli, kimeng'enya kinafanya kazi yake, moto unakuja baadaye kumalizia. Kuloweka mihogo siku kadhaa hadi ilainike kunafuata mantiki hiyohiyo.

Makopa ndiyo yanayohitaji uangalifu. Muhogo mchungu ukimenywa na kuanikwa vipande vikubwa juani, unakauka kabla seli nyingi hazijapasuka, na linamarini nyingi inabaki. Ndiyo maana kuna njia ya kulowanisha unga, aliyoisambaza mtafiti Howard Bradbury wa Australia: unga unachanganywa na maji, unatandazwa tabaka jembamba, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha unapikwa ugali siku hiyohiyo. Maji yanaipa nafasi linamarasi iliyobaki kwenye unga. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini unga mkavu haujisafishi na uliolowa unajisafisha, huyo amejua kimeng'enya ni nini.

Haya si mazoezi ya darasani tu. Konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na kuacha ulemavu wa kudumu, umewahi kuonekana katika mkoa huu, na unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Unahusishwa na kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo huku mboga ikiwa haba. Mboga inaingiaje hapo? Mwili unaitoa sayanidi kwa kuibandika salfa, kazi ya kimeng'enya kinachoitwa rodanesi, ikawa thiosayaneti na kutoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye amino asidi methionini na sisteini, yaani kwenye protini. Dagaa pembeni ya ugali wa muhogo wana kazi zaidi ya kuupa ladha.

"Oksijeni tunayovuta ndiyo tunayoitoa ikiwa kaboni dioksidi"

Wengi wanaamini hivi hadi mwaka wa pili. Kaboni dioksidi inatoka kwenye chakula, ile kaboni uliyoihesabu kwenye mzunguko wa Krebs. Oksijeni uliyovuta inapokea elektroni mwishoni kabisa mwa mnyororo wa kupitisha elektroni ndani ya mitokondria na kuwa maji. Na hapo ndipo sayanidi inapoua: inang'ang'ania chuma kwenye kimeng'enya cha mwisho, saitokromu oksidesi, elektroni zinakosa pa kwenda. Damu imejaa oksijeni, seli haziwezi kuitumia.

"Chachu inatengeneza pombe ili ipate nguvu"

Msimu wa korosho, mabibo yakishakamuliwa, maji yake hayakai muda mrefu kabla ya kuanza kutoa povu na kuelekea kuwa uraka, pombe ya mabibo. Chachu imepata sukari na haina oksijeni ya kutosha. Nguvu yake, ATP 2 (molekuli zinazobeba nishati ya seli) kwa kila glukosi, imeshaipata kabla pombe haijatokea. Hatua za mwisho, piruvati kuwa asetaldehidi na kisha etanoli, hazitoi hata ATP moja. Zinairudisha NAD, mbebaji wa elektroni, ili glaikolisisi (hatua za kuvunja glukosi kuwa piruvati) isisimame. Kwa chachu, etanoli ni taka. Kinachogombaniwa kilabuni ni uchafu wa kiumbe mwingine.

Mkemia wa Ujerumani Eduard Buchner aliposaga chachu mwaka 1897 na kupata majimaji yasiyo na seli hai yaliyoendelea kuchachua sukari, alimaliza ubishi wa muda mrefu kwamba lazima pawe na uhai mzima ndipo uchachukaji utokee. Alipewa Nobel mwaka 1907. Somo zima la vimeng'enya linasimama kwenye jaribio hilo.

"Kifungo cha ATP kikivunjika kinatoa nishati"

Kuvunja kifungo chochote kunagharimu nishati. Faida inakuja kwa sababu vinavyopatikana, ADP na fosfati, vimetulia zaidi vikiwa ndani ya maji kuliko ATP yenye chaji hasi zilizobanana. Tofauti hiyo ni kilojuli 30.5 hivi kwa moli katika hali sanifu. Tena seli haiichomi ATP ovyo: mara nyingi fosfati inahamishiwa kwenye molekuli nyingine, kama kimeng'enya heksokinesi kinavyoibandika kwenye glukosi.

"Protini ikiharibika imekatika vipande"

Kamulia ndimu samaki mbichi usubiri. Nyama iliyokuwa inaangaza inageuka nyeupe, utadhani imepikwa. Tindikali imekunjua protini. Vifungo vya peptidi, vinavyounganisha amino asidi, havijaguswa. Vya kukatwa vitakatwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba. (Na hapana, ndimu haiui vijidudu vyote, mpike samaki wako.)

Za harakaharaka

Maumivu ya misuli siku ya pili baada ya mechi si laktati. Laktati huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au mbili. Yale maumivu ni nyuzi za misuli zilizochubuka. Kimeng'enya hakibadilishi mwisho wa mmenyuko, kinaharakisha kufika tu. Kueleza baiokemia kwa Kiswahili kabla ya kuiandika kwa Kiingereza cha mtihani hakuishushi hadhi. Ukishindwa kumweleza mwenzako wa chumbani kwa lugha yenu, hujaielewa bado.

Na ile hesabu ya ATP 38 kwa glukosi moja: inatoka kwenye vitabu vya zamani vilivyohesabu ATP 3 kwa kila NADH na 2 kwa kila FADH2, ambazo zote hubeba elektroni. Vitabu vya sasa hutumia 2.5 na 1.5, jumla inakuwa 30 au 32, kutegemea NADH ya nje ya mitokondria imeingizwa kwa njia gani. Past pepa nyingi bado zina 38. Kwenye mtihani onyesha hesabu yako mstari kwa mstari, utaje umetumia thamani zipi, ili msahihishaji aone namba yako imetoka wapi.