Sukari ya Alfajiri kwa Mwenye Kisukari cha Aina ya Pili

Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kulala akiwa na sukari ya milimoli 7 kwa lita, asitie kitu kinywani usiku kucha, kisha akapima kabla ya kifungua kinywa na kukuta imefika 9. Wengi hukanganywa na jambo hili kwa sababu wamezoea kuamini kwamba sukari hupandishwa na chakula tu, na wapo ndugu wanaomshuku mgonjwa kuwa alikula kwa siri. Mara nyingi hakula. Sukari ya alfajiri ni kupanda kwa sukari ya damu takriban kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi, kunakosababishwa na mwili wenyewe unapojiandaa kuamka.

Sukari hiyo, ambayo kitaalamu huitwa glukosi, hutoka kwenye ini. Baada ya mlo, ini huweka akiba sehemu ya glukosi iliyoingia mwilini, na usiku, tumbo likiwa tupu, huirudisha kwenye damu kidogo kidogo ili ubongo usikose nishati. Akiba ikipungua, ini huweza hata kutengeneza glukosi mpya. Homoni ya kotisoli inayopanda kuelekea mapambazuko, pamoja na homoni ya ukuaji iliyomwagwa wakati wa usingizi, huufanya mwili uitikie kwa shida insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kulihimiza ini litoe glukosi zaidi. Hata asiye na kisukari hupitia hali hii, ila kongosho lake huongeza insulini kwa kiasi kinachotakiwa, wala yeye hatambui lolote. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ini limekuwa sugu kwa insulini na kongosho halina tena nguvu ya kufidia usugu huo, hivyo glukosi hurundikana kwenye damu.

Si kila sukari kubwa ya asubuhi ina asili hiyo. Katika miaka ya 1930 mwanakemia Michael Somogyi, aliyefanya kazi St. Louis nchini Marekani, alieleza kwamba insulini ikizidi usiku sukari hushuka mno, kisha mwili hujitetea kwa kuipandisha kupita kiasi. Maelezo yake bado yanafundishwa, ingawa vipimo vya kisasa vinavyofuatilia sukari usiku kucha vimeonyesha kwamba wale ambao sukari yao hushuka usiku mara nyingi huamka na sukari ndogo, si kubwa. Hata hivyo, kushuka kwa sukari usiku ni hatari halisi kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, na dalili zake ni pamoja na jasho jingi usingizini, ndoto za kutisha na kuamka na maumivu ya kichwa.

Njia ya kutofautisha ni kupima wakati wa kulala, tena saa tisa usiku, kisha mara tu baada ya kuamka, kwa siku kadhaa, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni na kukaushwa, kwani maji ya embe yaliyoachwa kidoleni yanatosha kuharibu jibu. Sukari ikiwa nzuri saa tisa na kubwa asubuhi, hiyo ndiyo sukari ya alfajiri. Ikiwa kubwa tangu wakati wa kulala hadi asubuhi, yafaa kuchunguza mlo wa jioni au dawa zisizotosha. Ikiwa chini ya 3.9 saa tisa, mgonjwa atumie mara moja kitu chenye sukari, na siku hiyohiyo awasiliane na mtoa huduma wake. Kuongeza dozi kwa kuangalia kipimo cha asubuhi peke yake hapo ni kumwongezea hatari.

Kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni kuacha chakula cha jioni kabisa, ilhali ini ndilo linalotoa glukosi hiyo na halisubiri mlo. Kinachosaidia zaidi ni kula mapema, kupunguza ugali au wali, kuongeza mboga za majani na maharage, na kutembea kidogo baada ya kula, maana misuli inayofanya kazi huchukua glukosi na kuitikia insulini vizuri kwa saa kadhaa. Kwa upande wa dawa, metfomini hulizuia ini kutoa glukosi kupita kiasi, na anayechoma insulini ya kazi ya kati (ambayo nguvu yake hudumu kwa muda wa wastani) pamoja na chakula cha jioni huenda akaambiwa na daktari aihamishie wakati wa kulala, ili nguvu yake ikutane na alfajiri badala ya kuishia usiku wa manane. Mabadiliko hayo ni ya kupangwa na daktari. Usingizi mbovu, maambukizi na dawa kama prednisoloni nazo hupandisha sukari, na hufaa kutajwa kliniki.

Katika kliniki nyingi wagonjwa huambiwa waje bila kula, wakapanga foleni hadi saa nne asubuhi, na jibu linalopatikana hapo huwa limebeba sukari ya alfajiri pamoja na njaa ya saa nyingi. Lengo la kawaida kabla ya kula kwa watu wazima wengi ni milimoli 4.4 hadi 7.2, lakini jibu moja lililozidi hapo halielezi siku nzima. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa takriban miezi mitatu, hutoa picha pana zaidi, isipokuwa kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu, ambaye kipimo hicho kinaweza kumdanganya. Kwa mtu huyo, daftari la vipimo vya nyumbani, lenye saa ya kila kipimo, ndilo ushahidi ambao daktari anapaswa kuutegemea.